Kupanda Nyiragongo kutoka Kibati: mzigo, mwendo na usiku mmoja ukingoni

Ukiwa Goma, mashariki mwa Kongo, asubuhi isiyo na mawingu, mlima wa volkano wa Nyiragongo unauona kama uko nyuma tu ya paa la jirani. Watu huutazama hivyo tangu utotoni, na ndiyo maana wengi huudharau: raba za shule, chupa moja ya maji, jaketi la jinzi, twende. Mlima una mita 3,470. Kibati, kwenye kituo cha walinzi ambapo safari inaanzia, ni karibu mita 2,000. Unapanda basi kama mita 1,500 kwenda juu, kwa njia ya kilomita sita na nusu hivi, ndani ya saa nne hadi sita, unalala juu kwenye ukingo wa kreta, yaani shimo la volkano, na kushuka kesho yake. Hakuna kamba wala kuparamia ukuta. Mtu mwenye afya, hata asiye mwanamichezo, anafika. Wanaoshindwa hukwama kwa mambo yaliyoamuliwa nyumbani au katika saa ya kwanza: maji machache, nguo za pamba, na haraka ya kule chini ambako njia ni laini.

Kabla ya yote: je, njia iko wazi?

Swali hili haliulizwi kwa adabu tu. Mlima ulilipuka tarehe 22 Mei 2021, na mwaka uliofuata mapigano yakafika Kibumba, kwenye barabara hiihii ya Rutshuru inayopita Kibati. Ruhusa imekuwa ikitolewa na Hifadhi ya Taifa ya Virunga, na hakuna anayepanda bila walinzi wa hifadhi. Ofisi ikisema hapana, ni hapana, hata kama kijana wa pikipiki anakuapia kwamba anamjua mtu wa kukupitisha kwa nyuma. Njia za nyuma zina hatari ambayo huioni: eneo lililopiganiwa hubaki na mabomu yasiyolipuka. Hata ukiwa kwenye njia rasmi, usiokote chuma chochote na usiingie kichakani peke yako kujisaidia bila kumwambia mlinzi.

Uliza mambo matatu, na usiondoke bila majibu yote:

1. Njia imefunguliwa, na walinzi watakuwepo siku hiyo?
2. Kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma, OVG, kimetangaza rangi gani ya tahadhari? Rangi ni nne: kijani, njano, machungwa, nyekundu. Zikipanda juu ya njano, ahirisha, hata kama umeshalipa.
3. Vibanda vya kulala juu vikoje? Vilivyojengwa ukingoni vilikuwa 12, kila kimoja cha watu wawili. Kama havitumiki utahitaji hema, na hema hubadilisha mzigo wote.

Bei hubadilika, na raia hawalipi sawa na mgeni. Iulize ofisini, lipia palepale, na uombe risiti.

Wakati wa kwenda

Juni hadi Agosti ndio wakati mzuri. Januari na Februari kuna kiangazi kifupi, kinachofaa pia. Machi hadi Mei na Septemba hadi Desemba mvua hunyesha karibu kila alasiri, nayo huja na radi. Eneo letu la Kivu ni kati ya sehemu za dunia zinazopigwa na radi mara nyingi zaidi, na kipande cha mwisho cha mlima ni mwamba mtupu ambako wewe ndiye kitu kirefu kuliko vyote. Ukilazimika kwenda wakati wa mvua, ondoka Kibati mapema kuliko wenzako wa kiangazi, ili saa nane mchana ikukute tayari umepita nusu.

Miguu, wiki tatu kabla

Mtu wa Bukavu ana bahati hapa: mji wake wote ni vilima, na kwenda sokoni tu ni mazoezi. Goma mji uko tambarare juu ya lava, kwa hiyo tafuta ngazi za jengo refu, au kile kilima cha Goma karibu na bandari. Mara tatu kwa wiki, panda na kushuka dakika arobaini ukiwa na kilo sita mgongoni. Chupa nne za lita moja na nusu zinakupa uzito huo bila kununua kitu. Usisahau kushuka ukiwa na mzigo. Watu hujiandaa kupanda tu, halafu magoti yanawasaliti siku ya pili.

Kipimo cha mwendo ni rahisi: unapopanda, uweze kusema sentensi nzima bila kukata pumzi. Ukisema maneno mawili na kuhema, umezidisha. Jifunze mwendo huo ukiwa bado mjini, kwa sababu ndio utakaoutumia mlimani.

Wasiofaa kwenda kabisa: mwenye pumu, mwenye ugonjwa wa moyo, mjamzito, mwenye selimundu (urefu wa mlima unaweza kuleta maumivu makali), na yeyote mwenye homa au kikohozi juma hilo. Anayetoka Bukavu kwa boti ya usiku alale Goma kwanza. Kushuka bandarini alfajiri na kupanda gari moja kwa moja hadi Kibati ni kuanza ukiwa umeshachoka.

Nguo: mitumba ndiyo duka letu

Joto hupungua kama nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 unazopanda. Kati ya Goma na kilele kuna karibu mita 2,000, yaani nyuzi 12. Usiku ambao Goma ina nyuzi 15, ukingoni ni 3, na upepo unaufanya mwili ukadirie sifuri. Mara nyingine barafu hushika kwenye majani. Hiyo ni baridi inayotaka nguo za theluji, na jambo ambalo wengi hawajui ni kwamba nguo za theluji zipo Goma tayari. Ndani ya marobota ya mitumba sokoni Virunga na Birere hutoka jaketi na suruali ambazo mtu wa Ulaya alizivaa akiteleza kwenye theluji. Wauzaji huziuza rahisi kwa sababu mjini ni nzito mno. Namna ya kuchagua:

Ligeuze jaketi ndani nje. Ukiona utando mweupe unaobanduka kama ngozi iliyoungua jua, liache, maji yatapita. Angalia mishono: iliyo bora imefunikwa kwa utepe mwembamba ulioganda juu ya uzi. Kisha mwombe mama muuzaji ruhusa, uchovye kidole kwenye maji na udondoshe matone mawili matatu begani mwa jaketi. Matone yakisimama kama shanga na kuviringika, ni zuri. Yakifyonzwa na kuacha doa jeusi, hilo ni la kuvaa kwenye baridi kavu tu. Mwisho, fungua na kufunga zipu mara tano. Zipu inayokwama sokoni itakwama pia saa tisa usiku ukiwa na vidole vilivyokufa ganzi.

Jaketi la manyoya ya ndege ni jepesi na lina joto, ila likilowa linakuwa kama kitambaa cha deki. Kwa mlima huu wenye mawingu, chukua lililojazwa nyuzi za plastiki. Chini yake vaa sweta la sufu au fulana ya kitambaa cha michezo. Pamba usiivae, na jinzi iache nyumbani kabisa: ikilowa jasho au mvua haikauki hadi kesho, na inaukamua mwili joto lake usiku kucha.

Jambo moja lipite yote: seti kamili ya nguo kavu, pamoja na soksi na kofia ya sufu, ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko huo ufungwe ndani ya mwingine. Usizifungue njiani hata ukitetemeka. Ni za ukingoni.

Viatu viwe na soli ngumu yenye meno, na vifunike kifundo cha mguu. Lava hukata raba laini kama kisu, na ikikupasulia soli nusu ya njia huna la kufanya. Buti za mpira za shambani zinavumilika kwenye tope la msituni, ila kwenye mawe mguu unacheza ndani na kisigino kinachubuka. Kata kucha za vidole vya miguu siku mbili kabla. Kucha ndefu, ukishuka, hugonga ncha ya kiatu mara elfu kadhaa na kugeuka nyeusi.

Na glovu. Za bustani zinatosha. Ukianguka kwenye lava, kiganja ndicho hutangulia.

Maji na chakula

Njiani hakuna maji: hakuna kijito, chemchemi wala bomba. Mwamba wa volkano una matundu na hunywa mvua yote. Maji ya mvua yaliyokusanyika juu usiyanywe, kwa sababu moshi wa kreta huyatia asidi na floridi. Hesabu ya mtu mmoja ni hii: lita mbili za kupanda, lita moja na nusu ya chai na chakula, lita moja ya kushuka, nusu lita ya dharura. Jumla lita tano. Ukijisikia kupunguza, punguza chakula.

Mlimani maji huchemka yakiwa na nyuzi 88 hivi, badala ya 95 za Goma. Chai inatoka, ila maharagi yatakaa jikoni hadi alfajiri na bado yatagonga meno. Peleka vitu vilivyokwisha kuiva: viazi vya kuchemsha, mayai, mandazi, karanga, ndizi mbivu, na jibini la Masisi, ambalo hapo juu halina mpinzani, maana halivunjiki, halimwagiki, na baridi hulitunza. Sambaza wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, wanafaa pia, ila huita kiu. Sukari iwe mfukoni wa suruali, si ndani ya mzigo. Pombe iache Goma. Kichwa kitauma hata bila hiyo.

Mzigo na wabebaji

Pale Kibati wapo wabebaji wanaoijua njia kuliko kitabu chochote. Mchukue mmoja, hata kama una nguvu. Watu wawili wanaweza kushirikiana mbebaji mmoja. Usimpe zaidi ya kilo 15. Pima mzigo kwenye mizani ya sokoni kabla ya kutoka mjini ili pasiwe na ubishi. Kumbuka pia kwamba naye ana blanketi na chakula chake juu ya huo wa kwako. Malipo, na kama chakula chake kiko juu yako au juu yake, mmalize kabla ya hatua ya kwanza, mbele ya mlinzi.

Maneno huwa mafupi. “Papa, mzigo uko sawa?” “Iko muzuri, mama, lakini maji itoke chini ije juu.” Msikilize. Kitu kizito kikikaa chini ya begi kinakuvuta nyuma kwenye mteremko mkali. Kikikaa juu, karibu na mabega, kinakaa pamoja na mwili. Aliye mdogo kwako ni ndugu au kaka. Aliyekuzidi ni papa, hata kama wewe ndiye unayelipa.

Mgongoni mwako mwenyewe bakiza vitu ambavyo huwezi kukaa navyo mbali: lita mbili za maji, koti la mvua, sweta moja, tochi ya kichwa, sparadra (plasta ya kubandika kwenye ngozi), chakula cha mchana. Mbebaji anaweza kuwa mbele yako nusu saa mvua inapoanza.

Njia yenyewe

Ondoka Kibati saa nne asubuhi, isizidi hapo. Walinzi huhesabu watu, mmoja anakaa mbele na mwingine nyuma, na kundi hutembea kwa mwendo wa anayekwenda polepole kuliko wote. Kama wewe ndiye huyo, nenda ukae mbele, nyuma ya mlinzi wa kwanza. Anayekaa mwisho huwafikia wenzake wakiwa wanasimama kuendelea, na hapumziki hata mara moja.

*Msitu.* Saa ya kwanza ni njia ya udongo chini ya miti, mteremko mdogo, kivuli, ndege. Hapa ndipo watu wanapojiharibu. Miguu bado ina nguvu, picha zinapigwa, kundi linakimbia. Tembea polepole hadi uone aibu. Ingiza suruali ndani ya soksi, maana siafu huvuka njia, na ukisimama juu ya mstari wao bila kujua utavua nguo mbele za watu.

*Lava ya 2002.* Miti inakatika ghafla na unaingia kwenye mto wa mawe meusi. Tarehe 17 Januari 2002 mlima ulipasuka ubavuni, na lava ikashuka ndani ya Goma hadi ziwani, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege. Unatembea juu ya sehemu ya tukio hilo. Mawe ni mepesi, yana matundu, na yanaviringika chini ya mguu kama karanga zilizomwagwa sakafuni. Kanyaga kwa unyayo mzima, si kwa vidole, hatua fupi, fimbo upande wa bondeni. Hakuna kivuli hata kimoja, na jua la karibu na ikweta huunguza hata nyuma ya mawingu. Funika shingo. Kunywa kabla ya kiu, mafunda matatu kila robo saa, kuliko nusu chupa kwa mpigo.

*Karibu na Shaheru.* Shaheru ni kreta ya zamani, ubavuni upande wa kusini, imejaa majani. Nyufa za 2002 zilifunguka kuanzia maeneo haya kwenda chini, na mahali pengine mvuke wa moto hutoka ardhini. Ni pazuri pa kupumzika na pabaya pa kulala. Usikae ndani ya shimo au bonde dogo lisilo na upepo. Watu wa Goma wanaijua hatari hiyo kwa jina: mazuku. Ni hewa ya kaboni dioksidi, iliyo nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama kwenye mabonde kama maji, haina rangi, na huua mbuzi na mtoto kabla mtu mzima hajahisi kitu, kwa kuwa pua zao ziko chini. Ukiona ndege au wadudu wamekufa shimoni, usishuke kuangalia. Pumzika pale upepo unapopita.

Hapa pia ndipo pa kuamua. Umepita mita 2,500, na ugonjwa wa urefu unaanza kuwezekana. Kichwa kinachouma kidogo na kutulia ukinywa maji na kupumzika, endelea nacho. Kichwa kinachozidi, pamoja na kutapika au kupepesuka kama mlevi, kinashuka leo hii pamoja na mlinzi mmoja, bila kubembelezana. Na kama saa nane mchana imepita hujafika Shaheru, geuka. Ukiendelea, giza litakukuta kwenye kipande kibaya kuliko vyote.

*Lobelia na miti ya ndevu.* Miti inakuwa mifupi, imevaa ndevu za kijivu. Mimea ya ajabu inatokea, lobelia ndefu kama nguzo na senesio zenye vichwa vya kabichi. Mteremko unakaza. Badili mwendo: hatua moja, pumzi moja. Vaa sweta kabla ya kusimama, si baada ya kuanza kutetemeka, kwa sababu jasho lililopoa ndilo linaloiba joto. Usipumzike zaidi ya dakika tano. Misuli ikipoa inakataa kuamka.

*Koni ya mwisho.* Kama mita 200 na kitu za kwenda juu, mwamba mtupu, mkali kiasi cha kushika kwa mikono mahali mahali. Unaona vibanda juu na unadhani ni dakika kumi. Ni dakika arobaini hadi saa nzima. Radi ikinguruma kabla hujaanza kipande hiki, subiri chini yake kwenye vichaka vifupi, mbali na mti mrefu ulio peke yake, miguu pamoja, ukichuchumaa juu ya begi. Usimpite mtu aliye mbele. Jiwe analolegeza linakuja kwako, na ukilegeza la kwako piga kelele “jiwe!” palepale, bila kuangalia kwanza linaelekea wapi.

Ukingoni

Kabla ya kuangalia moto, badili nguo. Utakuwa na jasho, upepo unapiga, na kreta inakuvuta kama sumaku, lakini kreta itabaki. Fungua ule mfuko wa plastiki, vua kila kilicholowa hadi soksi, vaa vikavu, kofia kichwani, ndipo uende ukingoni. Anayeanza na picha hutetemeka hadi asubuhi.

Kreta ina upana wa zaidi ya kilomita moja, na kuta zake zinashuka wima mamia ya mita. Ziwa la lava lililokuwemo lilikauka mwaka 2021 mlima ulipolipuka; baadaye moto ulionekana tena chini. Usimwahidi mtu kwamba ataona ziwa linalochemka. Mara nyingi wingu hufunika shimo jioni yote na kufunguka saa nane au tisa usiku kwa dakika ishirini, kwa hiyo weka saa ya kuamka, mtoke wawili wawili na tochi. Ukingo wenyewe ni mwamba unaomomoka. Kaa mita mbili nyuma, usiegemee chochote. Upepo ukigeuka na kuleta moshi wenye harufu ya kiberiti na macho yakawasha, ondoka upande huo mara moja. Kitambaa chenye maji puani hupunguza kero, ila hakikulindi.

Sasa kosa kubwa kuliko yote ya hapa juu. Wabebaji hupandisha makala (mkaa) na mbabula (jiko la mkaa) kwa ajili ya chai, na kundi hukaa kuizunguka likiota moto. Vizuri. Saa nne usiku makala yamebaki mekundu, hayatoi moshi, kibanda ni baridi, na mtu anasema tuiingize ndani kidogo tu. Usikubali, hata mlango ukiachwa wazi. Makala yasiyo na moshi ndiyo yanayotoa hewa yenye sumu kwa wingi, na kibanda cha watu wawili kinajaa upesi. Haina harufu. Inaleta usingizi mtamu na kichwa kizito, na wewe unadhani ni uchovu wa mlima. Kama unatafuta joto, mimina maji ya moto ndani ya chupa ngumu, ikaze kifuniko, ivalishe soksi, uiweke kati ya mapaja. Inadumu saa nne. Asubuhi maji hayohayo unayanywa.

Simu ilale nawe ndani ya blanketi, maana baridi huimaliza betri. Iweke kwenye hali ya ndege: huku juu inaweza kudaka mtandao wa Rwanda na kukumalizia mayunite (salio la simu) bila kukuaga. Choo kiko chini ya ukingo, kwa hiyo nenda kabla ya giza ukajue njia yake.

Kushuka

Kunywa chai, kula hata kama huna hamu, na ondoka jua likishatoka, saa kumi na mbili na nusu hivi. Kaza kamba za viatu upya, sehemu ya juu zaidi ya ile ya vidole, ili mguu usiteleze mbele. Koni ya mwisho ishuke kwa ubavu, goti limekunjwa kidogo kila wakati; goti lililonyooka ndilo linalopokea uzito wote. Kwenye lava, hatua ziwe fupi kuliko za kupanda. Wengi huanguka wakiwa wanashuka saa ya tatu, msitu unaonekana, mawazo yameshafika nyumbani. Ukisikia kisigino kinaanza kuwaka, simama hapohapo ubandike sparadra kwenye ngozi kavu. Ukingoja kituo kinachofuata utabandika juu ya maji.

Takataka zote zinashuka, pamoja na maganda ya mayai. Kuhesabu ni rahisi: mliopanda na chupa kumi, mfike Kibati na chupa kumi.

Pale Kibati mlipe mbebaji mkononi mwake mwenyewe, siyo kupitia mtu mwingine, na bakshishi iwe kando ya malipo mliyopatana. Ukiwa na glovu au kofia usiyoihitaji tena, ataitumia juma lijalo.

Ukifika nyumbani, osha viatu na zipu kwa maji safi siku hiyohiyo. Vumbi la mlima lina asidi, na zipu iliyoachwa hivyo wiki moja inashika kutu. Kausha viatu kwa magazeti ndani, mbali na moto, la sivyo soli inaachia. Kesho yake mapaja yatauma hasa unaposhuka ngazi; shuka kinyumenyume ukishika ukuta. Siku ya tatu inapungua.